Kipaji Hakingoji Darasa la Saba

Tanzania ina shule saba za sekondari za serikali zinazoitwa shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Kila mwaka TAMISEMI inapotoa orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, wazazi wengi hutafuta kwanza majina ya shule hizo, na anayemwona mwanawe humo hahitaji kuelezwa maana yake. Shule hizo zimefanya kazi kubwa na zinastahili heshima. Lakini mlango wa kuingilia ni mmoja tu, nao ni alama za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtoto anasoma miaka saba, kisha kwa siku mbili za Septemba anajibu maswali, mengi yakiwa ya kuchagua jibu, na kwa majibu hayo inaamuliwa kwamba huyu ana kipaji maalumu na yule hana. Ninachokitetea hapa ni kwamba utaratibu huo unawapata watoto waliofundishwa vizuri, ambao baadhi yao wana vipaji kweli, na unawaacha wengi wenye vipaji ambao hawakubahatika kufundishwa vizuri. Tukiwataka hawa wa pili, hatuna budi kuwatafuta mapema, katika kila shule ya umma, kwa kupima jinsi mtoto anavyojifunza na si yale tu anayoyajua tayari.

Mwenye kipaji ni nani hasa? Mwaka 1978 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Joseph Renzulli, alitoa maelezo ambayo walimu wengi duniani wanayategemea hadi leo. Alisema kipaji huonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo unaozidi wa kawaida, ubunifu, na ile hali ya kuling'ang'ania jambo mpaka lieleweke. Uzuri wa maelezo haya ni kwamba hayamsaki mtoto wa maajabu anayezaliwa mara moja katika karne. Yanamtafuta mtoto ambaye huenda yupo katika shule iliyo jirani na msomaji wa makala haya, na yanamtaka mwalimu aangalie mwenendo wa mtoto, si namba yake katika orodha ya matokeo. Chukua darasa la nne ambamo mwalimu ameandika ubaoni 25 mara 12. Watoto wanapanga tarakimu, wanazidisha kwa 2, wanaruka nafasi, wanazidisha kwa 1, wanajumlisha. Mmoja ananyoosha kidole kabla mwalimu hajaiweka chaki chini na kusema 300. Amechukua 25 mara 4, akapata 100, kisha 100 mara 3. Hakuna aliyemwonyesha kwamba 12 inaweza kuvunjwa hivyo. Mwalimu makini atamwita aje aieleze njia yake mbele ya wenzake. Mwalimu aliyechoka, mwenye madaftari 90 ya kusahihisha kabla ya kengele, atamkosesha kwa sababu hakuandika njia iliyofundishwa. Akikoseshwa mara tatu nne, mtoto ataishika njia inayotakiwa, na ile yake ataiacha.

Hapo ndipo tatizo la kutambua vipaji linapoanzia, kwa sababu dalili nyingi za mtoto mwenye kipaji zinafanana na dalili za mtoto msumbufu. Anauliza maswali yasiyokwisha. Anamaliza zoezi mapema halafu anaanza kuwachokoza walio karibu naye. Anachora pembeni mwa daftari mwalimu akiwa anaeleza jambo alilolielewa juzi. Ataitwa mtundu, mjuaji, mbishi, na akizidi kuchoshwa ataanza utoro. Upande wa pili wapo walionyamaza, hasa wasichana waliofunzwa nyumbani kwamba binti mwenye adabu hamkatizi mtu mzima, na watoto wenye ulemavu ambao mwalimu anashughulika na kiti chao, miwani yao au usikivu wao mpaka anasahau kuuliza wanafikiri nini. Kipanga anayetambuliwa kirahisi ni yule mwenye mwandiko mzuri, sare safi na majibu yanayofuata kitabu. Huyo anastahili kupongezwa, ila tusijidanganye kwamba tukimpata yeye tumemaliza kazi.

Ushahidi mzito zaidi juu ya jambo hili ulipatikana hapa hapa nchini. Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakishirikiana na watafiti wa Kitanzania, walichapisha mwaka 2002 matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 400 wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo. Watoto walipewa mafumbo ya kufikiri: kupanga kadi katika makundi, kutambua mpangilio wa watu au vitu kutokana na maelezo mafupi, na kukifumbua kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Baada ya jaribio la kwanza, kundi kubwa lilipewa mafunzo mafupi ya namna ya kuyakabili mafumbo ya aina hiyo. Mafunzo yenyewe hayakufika hata saa moja. Kundi dogo halikupewa chochote. Kisha wote wakajaribiwa tena. Waliofundishwa walipanda kuliko wasiofundishwa, na hilo halishangazi. Linaloshangaza ni kwamba ndani ya kundi lililofundishwa mpangilio wa watoto ulibadilika sana, hata alama za mwanzo zikawa kiashiria dhaifu cha alama za mwisho. Tena alama za baada ya mafunzo ndizo zilizoendana vizuri zaidi na vipimo vingine vya uwezo wa watoto wale wale.

Fikiria maana yake kwa ofisa anayetakiwa kuchagua watoto 20 bora wa kijiji. Angechagua siku ya kwanza, angeondoka na kundi moja. Angesubiri mtoto afundishwe kwa muda mfupi kuliko vipindi viwili vya kawaida vya darasani, angeondoka na kundi lenye sura nyingine. Waliokuwa chini siku ya kwanza hawakuwa na akili pungufu. Walikuwa hawajawahi kukutana na maswali ya namna ile, na walipokutana nayo wakajifunza haraka. Kasi hiyo ya kujifunza ndiyo kitu tunachopaswa kukitafuta tunaposema tunatafuta kipaji, na mtihani wa siku mbili hauna namna ya kuiona, maana haumfundishi mtoto chochote. Unahesabu tu mzigo aliokuja nao. Mtoto wa shule yenye walimu kamili, vitabu vya kutosha na tuisheni ya jioni anakuja na mzigo mkubwa. Mtoto wa shule yenye walimu wanne kwa madarasa saba anakuja na mdogo, hata kama kichwani ana nguvu za kubeba mara mbili yake.

Tafiti nyingine zinaonyesha upande ulio mgumu zaidi kuukubali: kwamba akili ya mtoto inaweza kuwa inafanya kazi kubwa mahali ambapo shule haiangalii. Mwaka 2001 Sternberg, Grigorenko na wenzao walichapisha matokeo kutoka Usenge, magharibi mwa Kenya, ambako walipima maarifa ya watoto kuhusu dawa za asili zinazotumika kutibu maradhi ya kila siku. Watoto wa huko wanajua dawa ipi ya tumbo, ipi ya minyoo, na kiasi gani cha kutumia. Watafiti waligundua kwamba watoto waliojua zaidi mambo hayo mara nyingi walipata alama za chini katika vipimo vya msamiati vinavyofanana na vya shuleni. Huko Recife, Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 1985 uliwafuata watoto wachache waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Hesabu za biashara, za bei na chenji, walizipatia kwa asilimia 98. Hesabu zile zile zilipoandikwa kwenye karatasi kama zinavyoandikwa shuleni, walizipatia kwa asilimia 37. Waliochunguzwa ni watoto watano tu, kwa hiyo si vyema kuufanya utafiti huo ubebe zaidi ya uwezo wake, lakini yeyote anayemjua mtoto anayeuza karanga au maji stendi anaweza kuona kwamba jambo lenyewe si geni. Mtoto huyo huyo, keshokutwa, ripoti yake itaandikwa kwamba Hisabati ni dhaifu.

Kisha ipo lugha. Katika shule za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote, Kiingereza kikiwa somo, halafu anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Martha Qorro, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba wanafunzi wa sekondari huelewa na kueleza zaidi wanapofundishwa kwa Kiswahili. Sitaki kuufungua mjadala wote wa lugha ya kufundishia. Nautaja kwa sababu unahusu vipaji moja kwa moja: mtoto aliyekuwa akimbana mwalimu wa Sayansi kwa maswali darasa la sita anaweza kukaa kimya kidato cha kwanza chote, si kwa kuwa udadisi umekwisha bali kwa kuwa hana maneno ya kuutolea. Mwalimu mpya, asiyemjua, ataona mtoto wa kawaida. Shule ya msingi haina desturi ya kumwandikia mwenzake wa sekondari kwamba huyu mwangalieni.

Historia ya nchi yenyewe ina mfano mkubwa. Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba chifu wa jirani, Mohamed Makongoro wa Ikizu, aliuona wepesi wa akili ya kijana huyo kwenye mchezo wa bao, akamshauri baba yake ampeleke shule. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1937, alikuwa Tabora, katika shule iliyokuwa juu ya nyingine zote za serikali kwa vijana wa Kiafrika wa wakati huo. Kwa hesabu za leo, mtoto wa miaka 12 asiyewahi kukaa darasani angeonekana amechelewa na angewekewa matarajio madogo. Aliyemtambua hakutumia mtihani. Alimwona akifikiri. Inafaa tujiulize ni mabao mangapi yalichezwa mwaka huo huo, katika vijiji vingapi, bila mtu mzima wa kuangalia na kusema kitu.

Kumtegemea mtu mmoja mwenye jicho zuri, hata hivyo, si utaratibu. Kaunti ya Broward, jimboni Florida, ilijifunza hilo. Kwa muda mrefu watoto wa shule za umma za huko waliingizwa katika madarasa ya wenye vipaji pale tu mwalimu au mzazi alipowapendekeza wapimwe. Wazazi wenye uwezo walijua njia, wengine wakilipia wanasaikolojia binafsi. Mwaka 2005 wilaya hiyo ya elimu iliamua kumpima kila mtoto wa darasa la pili kwa kipimo kifupi cha awali, bila kumsubiri mtu ampendekeze. Wachumi David Card na Laura Giuliano walifuatilia matokeo. Kiwango cha kufuzu hakikushushwa, lakini idadi ya watoto kutoka mazingira duni waliotambuliwa iliongezeka kwa asilimia 180, wenye asili ya Kihispania kwa asilimia 130, na Weusi kwa asilimia 80. Watoto hao walikuwapo siku zote. Walikuwa wanakosa mtu wa kuwataja. Kisha ukaja mtikisiko wa uchumi, fedha zikapungua, upimaji wa wote ukasimamishwa, na mafanikio hayo yakapotea. Marekani si Tanzania, na kipimo kilichotumika huko hakiwezi kubebwa kikaletwa Namtumbo kama kilivyo. Tunachoweza kukichukua ni kanuni: apimwe kila mtoto, maana tukimngoja atakayependekezwa tutawapata wa wenye sauti.

Wala kipimo kimoja kisiwe hukumu ya mwisho. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kukusanya watoto wa California waliopata alama za juu sana katika kipimo chake cha akili, akawafuatilia maisha yao yote. Walikuwa kama 1,500. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kuwa alama hazikutosha, wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia: William Shockley mwaka 1956 na Luis Alvarez mwaka 1968. Katika kundi zima alilolichagua Terman hakutoka hata mmoja aliyeipata tuzo hiyo. Kipimo chake hakikuwa cha kipuuzi, na wengi wa watoto wake walifanikiwa maishani. Kosa lingekuwa kukifanya lango linalofungwa mara moja na kutofunguliwa tena, na hilo ndilo tunalolifanya darasa la saba.

Sasa, ukishamtambua, unamfanyia nini? Hapa watu wengi wanawaza majengo: shule nyingine maalumu, bweni jingine, basi la shule. Mimi naona msaada mkubwa zaidi hauhitaji tofali. Mtoto wa darasa la tatu aliyemaliza Hisabati ya darasa lake aruhusiwe kuingia darasa la nne kwa kipindi hicho, kisha arudi kwa wenzake. Dawati lipo, mwalimu yupo, kipindi kinafundishwa vyovyote iwavyo. Julian Stanley alianzisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mwaka 1971, mradi wa kuwafuatilia vijana wenye kipaji cha hisabati, na miongo kadhaa ya ufuatiliaji imeonyesha kwamba waliosogezwa mbele kwa kasi yao walifanya vizuri katika masomo na kazi, bila kuumizwa kijamii kama wengi wanavyohofia. Kumrusha mtoto darasa zima ni uamuzi mzito zaidi, na uzingatie umri, urefu wa njia ya kwenda shule, hata ukubwa wa mwili wake miongoni mwa wakubwa. Kumrusha somo moja ni jambo jepesi, na linahitaji tu mwongozo wa wizara utakaomwondolea mwalimu mkuu hofu ya kuulizwa na mthibiti ubora kwa nini mtoto huyu yuko darasa lisilo lake.

Jambo la pili ni kuwakutanisha. Mtoto mwenye kipaji kijijini mara nyingi ni mpweke. Hana wa kubishana naye. Katika michezo tumelitatua hilo zamani: UMITASHUMTA inampandisha mtoto anayejua mpira au riadha kutoka shuleni kwake hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na njiani anakutana na wanaomzidi, anajifunza, anaonwa na makocha. Hakuna anayesema huo ni ubaguzi dhidi ya wasiojua kukimbia. Ngazi hizo hizo zingeweza kubeba hesabu, sayansi, uandishi na uchoraji. Afisa Elimu Kata anazifahamu shule zake zote. Akiwakusanya watoto 15 kutoka shule tano, Jumamosi mbili kwa mwezi, chini ya mwalimu mmoja wa sekondari ya kata anayelipenda somo lake, wakafanya maswali ambayo hayamo kwenye kitabu cha kiada, atakuwa amewapa kitu ambacho darasani hakipo. Maswali yenyewe yasiwe ya mitihani iliyopita. Yawe ya kuchunguza: kwa nini maji ya kisima hiki yana chumvi na ya kile hayana, namna gani tupime urefu wa mbuyu bila kuupanda.

Wapo watakaosema yote haya ni kupoteza muda, maana mwenye akili atafaulu tu hata ukimwacha. Hoja hii inakubalika haraka kwa sababu tunawaona waliofaulu. Wasiofaulu hatuwaoni. Mvuvi hodari wa Mafia aliyeishia darasa la saba haitwi kwenye sherehe kueleza angekuwa nani. Zaidi ya hapo, mtoto asiyewahi kukutana na swali linalomtoa jasho hajifunzi kujisomea, hajifunzi kukosea na kurudia, na siku anapokutana na ugumu wa kweli, kidato cha tano au mwaka wa kwanza wa chuo, hana silaha. Anadhani akili zimemwishia. Wenzake waliozoea kuhangaika wanampita. Serikali inawasaidia waliofika mbali, na ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wahitimu bora wa masomo ya sayansi wa kidato cha sita ni hatua nzuri, lakini unamfikia mtu akiwa amekwisha kupita vichujio vyote. Wengi wanaanguka miaka 10 kabla.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linatoka katika misingi ya taifa lenyewe. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Nyerere alilaumu mfumo unaowachagua wachache na kuwafanya wajione bora kuliko wazazi wao. Anayeogopa kwamba kuwatafuta wenye vipaji kutatuzalishia tabaka la wateule ana sababu ya kuogopa. Ila tuitazame hali ilivyo. Uchaguzi haujaondoka. Upo, unafanyika kila mwaka, na kwa kiasi kikubwa unafanywa na mfuko wa mzazi: mwenye fedha anampeleka mwanawe shule binafsi, anamlipia tuisheni, na akigundua mtoto ana kitu cha pekee anamtafutia mwalimu wa pekee. Mtoto wa shule ya umma ndiye asiye na mtu wa kumtafutia. Kukataa kumtambua kwa jina la usawa ni kumwachia mwenye uwezo peke yake haki ya kutambuliwa. Na kama wasiwasi ni majivuno, dawa yake imo katika namna ya kuwalea: wabaki na wenzao kwa sehemu kubwa ya siku, wafagie kiwanja zamu yao ikifika, wasichapishiwe picha ukutani. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, na watoto hawakupungukiwa na chochote. Mtoto hahitaji cheo cha kuitwa mwenye kipaji. Anahitaji kazi inayolingana na uwezo wake.

La tatu ndilo ninalolisikiliza kwa makini kuliko yote, kwa sababu wanaolisema ni walimu. Darasa lina watoto 100, baadhi hawajui kusoma, na wewe unakuja kuniambia nimshughulikie anayejua? Ni kweli kwamba kazi ya kwanza ya shule ni kila mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, na hakuna shilingi inayopaswa kuondolewa huko. Lakini kumwacha yule mmoja akae bure hakumsaidii asiyejua kusoma. Mara nyingi shule inalitatua hili kwa kumgeuza kipanga kuwa mwalimu msaidizi: anaandika nukuu ubaoni, anasahihisha madaftari, anasimamia kelele. Kumweleza mwenzako jambo kunakunoa, hilo sikatai, ila mtoto anayefanya hivyo kila siku anatumikishwa, hasomeshwi. Mwalimu wa watoto 100 hawezi kuandaa masomo mawili. Anaweza kuwa na bahasha moja yenye maswali magumu, yaliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kugawiwa shule zote, ampe anayemaliza mapema. Anaweza, kupitia vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) ambavyo walimu tayari wanavifanya shuleni kwao, kujifunza dalili nilizozitaja na namna ya kufanya jaribio la mtindo wa Bagamoyo: pima, fundisha kidogo, pima tena, andika nani ameruka. Jaribio hilo likifanywa darasa la pili na kurudiwa darasa la nne, halitamlia muda unaozidi asubuhi moja kwa mwaka.

Muda wa kuamua umefika kwa sababu mfumo wenyewe unabadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtaala mpya umeanza kutumika tangu Januari 2024, ukiwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Darasa la saba linaondoka, na shule za vipaji maalumu zitahitaji njia nyingine ya kuwapata wanafunzi wake. Tukiazima tu mtihani mwingine na kuuweka darasa la sita, tutakuwa tumehamisha lango bila kubadilisha kinachopimwa. Majirani zetu Kenya, katika Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013, wamewataja wanafunzi wenye vipaji vya pekee ndani ya kundi la wenye mahitaji maalumu, pamoja na wenye ulemavu. Sheria peke yake haimfundishi mtoto, lakini inampa mzazi na mwalimu mahali pa kusimamia wanapodai, na kwetu msimamo huo unafaa kuandikwa bayana.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Elimu na TAMISEMI ni dogo na linatekelezeka: wachague kata moja katika kila mkoa, wawapime watoto wote wa darasa la pili na la nne kwa Kiswahili na kwa mtindo wa kupima baada ya kufundisha, wawape waliojitokeza miaka miwili ya Jumamosi na ruhusa ya kurushwa somo, kisha watangaze matokeo hadharani, yawe mazuri au mabaya. Na kwa mzazi mwenye mtoto katika shule ya serikali, hasa yule anayeambiwa kila muhula kwamba mwanawe ni mtundu lakini anapata alama nzuri: utakapokwenda kwenye kikao cha wazazi, usiishie kuuliza amekuwa wa ngapi. Muulize mwalimu, kwa heshima, mtoto huyu amejifunza nini mwezi huu ambacho hakukijua mwezi uliopita. Akikosa jibu, kaeni wawili mlitafute.